Kazi Mbovu ni Deni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kipungani)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Tumekuja kusema habari ya nyumba moja ambayo wengi wenu mwaijua. Mwenyewe hatutamtaja, wala kontrakta wake.

Mwenye nyumba ni mama asukaye mikeka. Aliweka akiba miaka mingi, kisha akampa kontrakta fedha zote siku ya kwanza, bila ya hati. Masika yalipoingia dari ilivuja na lipu ikabambuka. Tulikwenda kutazama, tukaona makosa matatu.

La kwanza, miti. Mama alilipia boriti, akaletewa mazio. Kila mkata mikoko ajua kuwa boriti huanzia unene wa sentimeta 11 na nusu hivi, na mazio ni membamba kuliko hizo. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na miti ile imekwisha kupinda.

La pili, mchanga. Ulichotwa ufuoni, wala haukuoshwa. Chumvi huvuta unyevu; chuma kilicho ndani ya zege huingia kutu, kikavimba, kikapasua zege.

La tatu, simiti juu ya ukuta wa kale wa matumbawe. Chokaa huuacha unyevu utoke. Simiti huufungia ndani, na ukuta huoza huku uso wake wang'aa. Wazee wetu waliujenga mji wa Lamu kwa matumbawe, chokaa na boriti, na mwaka 2001 UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia. Hawakuwa wajinga.

Basi, mtu afanye nini? Kabla ya kazi, andikeni hati: miti gani, mchanga gani, siku ngapi, fedha ngapi, na mashahidi wawili. Lipeni kidogo kidogo, kila hatua ikaguliwapo, na fungu la mwisho lisitoke mpaka mvua imeijaribu dari. Ulizeni pia kama kontrakta ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Kazi ikiharibika, msianze kwa matusi. Pigeni picha, mwiteni fundi mwingine atazame na aandike alichokiona. Kisha mpelekeeni kontrakta barua, mkimpa siku za kurekebisha, na nakala mbaki nayo. Akikataa, wazee wawapatanishe. Wakishindwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yataka shauri liishe katika siku 60. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili.

Sasa neno lililo zito zaidi. Kazi ile haikufanywa na mkono wa kontrakta. Ilifanywa na mikono yetu. Vijana wetu waliuchota mchanga ule, na fundi wetu aliyapandisha mazio yale akijua kuwa si boriti. Tulipowauliza walijibu, "Sisi ni vibarua, tuliambiwa." Hatuwacheki, maana mwenye watoto nyumbani huogopa kufukuzwa, nasi twaijua hofu hiyo. Lakini kontrakta amekwisha kupanda mashua akaenda zake. Fundi amebaki, na kila siku hupita mbele ya mlango ule akienda msikitini. Jina lililoharibika ni lake, na letu sote.

Kwa hiyo twawaomba mkubali jambo hili. Mwanachama akiamriwa kuharibu kazi, aseme mbele ya shahidi kuwa haifai, na siku ileile amwarifu katibu wa tawi. Akifukuzwa kwa ajili ya neno hilo, shauri lake litakuwa shauri la chama. Lakini anyamazaye akapokea ujira, kisha nyumba ikavuja, tutamteteaje?

Kuhusu mama yule, barua yake tumeiandika pamoja naye, na kontrakta amepewa siku 14. Dari haiwezi kungoja mahakama. Ijumaa, baada ya sala, tutakutana pale na nyundo na miti ya kuegemeza, tuitegemeze dari na kuibandua simiti. Wale waliofanya kazi ile wamesema watakuja, nao ndio wa kwanza kuandikisha majina.