King'ora cha Pikipiki: Kutoka Maabara ya Dallas hadi Kijiwe cha Bodaboda

Dereva wa bodaboda aliyenunua pikipiki kwa mkopo huibiwa mara mbili: chombo hutoweka usiku mmoja, na deni hubaki likidaiwa kila siku. Kinga moja ya bei nafuu dhidi ya hasara hiyo inaweza kuundwa na fundi wa redio mtaani, na asili ya elimu yake inafika hadi jimbo la Texas, nchini Marekani.

Tarehe 12 Septemba 1958, mjini Dallas, mhandisi Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments aliwaonyesha wakuu wake kipande kidogo cha jemaniamu kilichobeba sakiti nzima. Kazi hiyo, iliyofungua njia ya chipu za leo, ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000. Katika mji jirani wa Fort Worth, kampuni ya Tandy iliinunua RadioShack mwaka 1963 na kueneza maduka yaliyomuuzia mtu wa kawaida rezista na transista. RadioShack ilifilisika mwaka 2015. Naye Forrest Mims, mzaliwa wa Houston, aliyaandikia maduka hayo vitabu vya sakiti, akivichora kwa mkono wake. Kijitabu chake kimoja kilihusu chipu moja tu: 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind huko California mwaka 1971.

Chipu hiyo yenye miguu 8 ndiyo moyo wa king'ora. Hutumia umeme wa volti 4.5 hadi 16, hivyo betri ya pikipiki ya volti 12 inaitosha. Mguu wa 2 huunganishwa na upande chanya kupitia rezista ya kilo-ohm 10, na upande hasi kupitia swichi ya mwinamo. Swichi hufungwa kwa namna ambayo haipitishi umeme pikipiki ikilala kwenye stendi yake ya pembeni. Mwizi akiisimamisha, swichi hupitisha umeme, na mguu wa 3 huiamsha transista, ambayo huwasha rilei ya honi. Dayodi huwekwa sambamba na koili ya rilei ili kuilinda transista.

Muda wa mlio huamuliwa na rezista na kapasita: kilo-ohm 470 pamoja na mikrofaradi 100 hutoa takriban sekunde 52. Pikipiki ikiendelea kusimama wima, honi haikomi hadi mwenyewe azime swichi aliyoificha. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwani waya uliochubuka unaweza kuteketeza chombo kinacholindwa.

Chipu ya kawaida hutumia takriban miliampea 10 inaposubiri. Kwa usiku wa muda wa saa 10, hiyo ni sehemu moja tu ya hamsini ya betri ya ampea-saa 5.

Hata hivyo, king'ora hakimkamati mwizi; humnyima ukimya tu. Dakika ile moja ina thamani pale tu mnyororo unapomchelewesha na majirani wanapokubali kuamka. Fundi huunganisha waya, lakini ulinzi wenyewe hukamilishwa na watu wa kijiwe na mtaa.