Elimu ya Nyota na Imani Yetu



Wako wazazi kwetu waonao hofu mtoto akitoka shule na kusema kwamba dunia ina umri wa miaka milioni 4,500. Huuliza, “Mwalimu, sasa Kitabu cha Mwanzo tukiweke wapi?” Na baadhi yetu walimu hulipita swali hilo mbio, kama mtu apitaye penye nyuki.

Basi sikieni habari za Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyezaliwa mwaka 1894 na kupewa upadre mwaka 1923. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na makundi makubwa ya nyota yanazidi kuachana. Einstein, bingwa wa elimu hiyo, hakuona kosa katika hesabu, walakini maana yake aliikataa. Padre hakurudi nyuma. Mwaka 1931 alinena ya kuwa hapo kale vitu vyote vilikuwa pamoja, kama chembe moja.

Wengi wakashangilia: Elimu imethibitisha uumbaji! Hata Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili, Novemba 1951, alinena maneno yaliyokaribia hayo. Ajabu ni kwamba Padre mwenyewe hakupendezwa. Alishika neno lake kwamba hesabu ile haigusi mambo ya dini. Nami naona alikuwa na haki. Hesabu hueleza jinsi vitu vilivyokwenda, nayo yaweza kusahihishwa kesho. Bali kuumbwa ni kumtegemea Mungu kila saa, leo kama siku ya kwanza. Aliyeifunga imani yake kwenye hesabu, hesabu ikibadilika atashika nini? Mwaka 1952 Baba Mtakatifu alisema na wataalamu wa nyota, wala hakuyarudia maneno yale.

Kwa hiyo mtoto akinijia na miaka yake milioni 4,500, simfungi kinywa. Namwambia aisome elimu hiyo sawasawa, kwa kuwa Padre yule aliisoma sawasawa, na upadre wake hakuuacha.

Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, walitangaza kwamba wamepata mnong'ono dhaifu wa redio utokao pande zote za mbingu, masalio ya joto lile la kwanza. Habari hizo zilimfikia Lemaître akiwa mgonjwa, naye akafariki Juni 1966.