Je, Susu Atatembea Tena?

Somo: Mwanzo 32:22–32

Yakobo aliondoka Penueli akichechemea. Biblia haikuficha jambo hilo, wala haisemi kwamba safari yake iliishia pale. Naikumbuka habari hiyo kila niulizwapo swali hili katika nyumba za Kitui na Makueni: “Susu wetu amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Tuuze ng’ombe apate mguu wa bandia, au amezeeka mno?”

Ndugu, aulizaye hivyo si mchoyo. Ng’ombe huyo ndiye karo ya mtoto.

Mwaka 2003 wataalamu wa Uholanzi walitoa habari za watu 46 waliozidi miaka 60, waliokatwa mguu mmoja, ambao waliwafuata kwa mwaka mzima. Umri ulikuwa na uzito wake, ndiyo. Lakini kulikuwa na mengine mawili, nayo yalipimwa wiki mbili tu baada ya kukatwa: Je, mgonjwa aweza kusimama kwa mguu uliobaki? Je, anakumbuka anayofundishwa? Maana mguu wa bandia una mafundisho yake: kuvaa soksi, kuufunga vizuri, kuitazama ngozi ya kigutu kila jioni. Asahauye hupata kidonda, kisha mguu unatundikwa ukutani.

Waganga huangalia pia kama goti limesalia. Aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua, na moyo uliochoka huliona hilo upesi. Tena watauliza alitembeaje kabla ya kuugua. Nanyi waambieni anakoishi! Sakafu ya hospitali si mchanga wa mto Tiva, wala si matuta ya Mbooni.

Sasa sikilizeni jambo linaloniumiza. Susu hurudi nyumbani, na binti yake, kwa upendo, humwekea mto wa kulalia chini ya goti ili apumzike. Siku zinapita. Goti linapinda, linakauka vile vile, na mguu wa bandia haumkai tena. Mama yule angeweza kutembea. Sisi tuliompenda ndio tuliomfunga.

Wako watakaopimwa na kuambiwa kwamba kiti cha magurudumu kinawafaa zaidi. Msiwahesabu kuwa wameshindwa. (Nanyi wazee wa kanisa, ile ngazi ya mlangoni mtaitengeneza lini?)

Basi, kama Susu amerudi juma hili, usiku huu mwondolee ule mto, goti linyoke. Kesho ashike meza, nawe ukiwa karibu, ajaribu kusimama. Hesabu pole pole atasimama kwa muda gani. Na kabla hajalala, utazame mguu wake uliobaki, hata katikati ya vidole, usije nao ukapata kidonda.