Sisi Tupangao Nyumba Engaresero



Neno letu ni juu ya watu wakaao katika nyumba za kupanga.

Hapa Engaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, boma la Kimasai halijui kodi ya nyumba. Mama huijenga mwenyewe kwa fito, nyasi na samadi ya ng'ombe, nayo ni yake. Basi mpangaji ni nani? Ni mwalimu, muuguzi, karani, mwenye duka, na kijana aongozaye wageni ziwani Natron. Alama zao twazijua, maana ni zetu: wametoka mbali, hutegemea mshahara au biashara ndogo, hukaa chumba kimoja au viwili, na mara nyingi mke na watoto wamebaki kwao. Hawana shamba hapa, hata unga wa ugali hununuliwa.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa jioni atoke, hana ukoo wa kumpokea. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kinga yake kubwa ni mapatano. Lakini wangapi kati yetu tuna karatasi? Sisi wenyewe tulilipa kodi ya miezi 6 mkononi, bila stakabadhi. Mwezi wa 4 tukaongezewa, nasi hatukuwa na la kuonyesha. Karani aandikaye barua za watu mchana kutwa hakujiandikia mstari mmoja!

Hatumlaumu mwenye nyumba peke yake. Naye amekwisha kuona mpangaji ahamaye usiku na deni. Tena, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo wako kati yetu walio wapangaji hapa na wenye nyumba kwao. Tulitakalo hapa, tulitende kule.

Basi twaomba wanachama wakubali mambo 3: kila mapatano yaandikwe kwa Kiswahili, nakala 2, mbele ya shahidi, kila malipo yapate stakabadhi, na anayetaka kuhama, au kumhamisha mwenzake, atoe taarifa ya miezi 2.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na makao ni mali.