Bomba la Hewa Baridi: Tulifunge kwa Mikono Yetu, Lakini Tupime Kwanza

(Maneno yaliyosemwa na wafanyakazi wa karakana mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Katibu wa tawi alituomba sisi wa karakana tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza pale langoni wakati wa kutoka kazini. Jambo lenyewe ni hili bomba la hewa baridi linalouzwa siku hizi katika maduka ya vipuri, pamoja na chujio lake lenye umbo la pia. Mwauliza: Je, lafaa? Na je, mtu aweza kulifunga mwenyewe bila kwenda gereji? Tutajibu yote mawili. Lakini la kwanza lijibiwe kwanza, maana haifai mtu aanze kufungua nati kabla hajajua anafungua kwa sababu gani.

Wengi wetu hatuna motokaa ya kujionyesha. Gari la mfanyakazi limenunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo huo hukatwa kila mwisho wa mwezi kabla mshahara haujafika mkononi. Jumamosi gari hilo hupeleka kabichi sokoni. Usiku hupeleka mgonjwa wa jirani hospitali. Injini ikifa, makato hayasimami. Kwa hiyo jambo hili si mchezo wa vijana peke yao. Ni jambo la mkate.

KAZI YA HEWA

Injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko petroli. Kila kilo 1 ya petroli yahitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ukitaka nguvu zaidi, yakupasa kuingiza hewa zaidi, na petroli ifuate.

Sasa hewa ikipata joto hutanuka, nayo ikitanuka huwa nyepesi. Hewa ya digrii 50 ni nyepesi kuliko hewa ya digrii 20 kwa kama sehemu 9 katika 100, ikiwa msukumo wake ni ule ule. Pistoni hunyonya kipimo kile kile kila mara, lakini ikinyonya hewa ya moto imepata hewa kidogo. Hii ndiyo maana ya bomba la hewa baridi: kuitoa hewa nje penye ubaridi, wala si chini ya boneti karibu na manifoldi ya moshi.

Sisi wa reli hatushangai kusikia hayo. Treni ipandayo hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, yakutana na hewa nyepesi sana. Ndiyo maana injini zetu za dizeli zina turbo ya kusukuma hewa ndani, na kipoozeo cha kuipoza hewa hiyo kabla haijaingia katika silinda. Sheria ni ile ile, katika treni na katika motokaa.

Lakini tusidanganyane. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya bahari, na msukumo wa hewa yake ni kama sehemu nne kwa tano tu za ule wa Mombasa. Hapana bomba, hata liwe la fedha, litakalourudisha msukumo huo. Kazi hiyo ni ya turbo. Mwenye duka akikuambia kwamba bomba lake litaifanya gari yako ipande Limuru kama inashuka, mpe mkono, mwambie kwaheri.

JE, LAFAA?

Fungua boneti ya gari lako, ulifuate bomba la hewa kutoka injini hadi mwanzo wake. Katika magari mengi ya siku hizi utaona kwamba sanduku la chujio lina mdomo unaotoa hewa nyuma ya taa, au mbele juu ya rejeta, au ndani ya madigadi. Maana yake ni kwamba waliolitengeneza gari walikwisha kukufungia bomba la hewa baridi, na bei yake ulilipa siku uliponunua gari. Ukiweka jingine, faida yake huwa ndogo, na mara nyingi utakachopata zaidi ni kelele.

Kwa hiyo pima kwanza. Nunua kipimajoto kidogo chenye waya mrefu, uweke ncha yake karibu na mdomo wa sanduku la chujio, uendeshe gari nusu saa, kisha usome. Linganisha na joto la nje. Ikiwa tofauti ni digrii chache tu, funga boneti, safisha chujio au weka jipya, na pesa zilizobaki ukanunulie watoto viatu. Ikiwa tofauti ni kubwa, hapo una sababu. Yawezekana mdomo wa zamani umevunjika, au fundi fulani aliutupa, na injini yanywa hewa ya moto. Tumeona magari mengi yaliyotumika ya namna hiyo, na pengine kipande kimoja cha plastiki kutoka kwa wauza vipuri vya zamani chatosha kuliponya.

Kuna hatari nne ambazo muuzaji hazitaji.

Hatari ya kwanza ni moto. Chujio la wazi likifungwa chini ya boneti bila ukuta wa kulikinga na joto, litanyonya hewa ya moto kuliko sanduku la zamani. Mtu amelipa pesa ili apunguze nguvu.

Hatari ya pili ni maji. Mabomba mengine huteremka hadi chini ya madigadi, karibu na barabara. Hewa hubanwa, lakini maji hayabanwi. Pistoni ikikutana na maji, konrodi hupinda. Mwenzetu mmoja alifungiwa bomba la namna hiyo na duka lililomwahidi kwamba halina madhara. Katika mafuriko ya Aprili 2024 alipita penye maji ambayo magari mengine madogo yalivuka mbele yake. Gari lake likanyamaza katikati. Injini ilikufa, na mkopo wake wangali wanamkata. Twasema wazi: mtu anayeishi penye barabara za kufurika asiteremshe mdomo wa hewa chini ya pale ulipowekwa na kiwanda.

Hatari ya tatu ni vumbi. Barabara zetu za murram si barabara za Ulaya. Tundu dogo baada ya chujio laingiza vumbi moja kwa moja, na vumbi hilo hulamba ringi na silinda kama tupa. Injini haitalia siku hiyo. Italia baada ya miezi, itakapoanza kula oili.

Hatari ya nne ni sensa ya kupimia hewa. Katika magari mengi sensa hiyo hukaa ndani ya bomba, nayo ina waya mwembamba sana unaopashwa moto. Kompyuta ya gari huamini inavyoambiwa na sensa hiyo. Bomba likiwa pana kuliko la zamani pale sensa inapokaa, hewa hupita bila kuhesabiwa yote, petroli huwa haba, na injini hupata joto. Kwa hiyo bomba liwe limetengenezwa kwa gari la namna yako na mwaka wake, si la kukisia. Na chujio la kitambaa likipakwa mafuta mengi, mafuta hayo huenda kuushika waya wa sensa na kuuharibu.

NAMNA YA KULIFUNGA

Aliyepima na kuona sababu, na afanye kazi hii. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu asiye na haraka. Vyombo ni vichache: spana na soketi, hasa ya namba 10, bisibisi mbili, koleo, na vitambaa safi visivyotoa nyuzi.

1. Injini ipoe kabisa. Gari lisimame mahali pa sawa, breki ya mkono ivutwe. Ondoa waya wa betri wenye alama ya kutoa. Kama redio yako ina namba ya siri, itafute kwanza.

2. Kabla ya kugusa kitu, piga picha kwa simu. Kila waya, kila mpira mdogo, kila klipu. Mwenye picha hatabahatisha jioni.

3. Toa plagi ya sensa kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya. Kisha fungua skrubu za sensa, uitoe polepole, uiweke katika mfuko safi. Waya wake usiguswe kwa kidole wala kupulizwa kwa mashine ya upepo. Ikiwa chafu, husafishwa kwa dawa yake maalum tu.

4. Toa mipira midogo yote iliyoungwa na bomba la zamani. Mmoja wao hutoka kifuniko cha injini na huleta mvuke wa oili. Huo usisahauliwe, wala usizibwe kwa kijiti kama wafanyavyo wengine.

5. Legeza klipu, toa bomba la zamani na sanduku lake. Ziba mdomo wa throtoli kwa kitambaa kimoja safi, na mwambie mwenzako kwamba umeweka kimoja. Katika karakana vyombo huhesabiwa kabla na baada, na hapa tufanye vivyo hivyo. Nati moja ikiangukia ndani, kazi yote imeharibika.

6. Weka sensa katika bomba jipya. Juu yake pana mshale. Mshale uelekee injini, ndiko hewa iendako.

7. Ondoa kitambaa. Vaa mpira wa kiungo na klipu zake katika throtoli, kisha bomba, kisha chujio. Klipu zote ziachwe zimelegea kidogo kwanza, ili bomba likae pahali pake bila kulazimishwa. Angalia lisiguse feni, mkanda, betri wala boneti. Injini hutikisika, hivyo acha nafasi.

8. Funga ukuta wa kukinga joto na vishikizo vyote. Bomba lisining'inie kwa klipu peke yake. Ndipo ukaze klipu ziwe imara, lakini zisikate mpira.

9. Rudisha mipira midogo na plagi ya sensa. Linganisha na picha zako moja moja. Hesabu vyombo. Rudisha waya wa betri.

KUJARIBU

Washa injini, iache itembee yenyewe bila kukanyaga. Sikiliza. Sauti ya mluzi kama wa nyoka ni hewa inayopenya mahali. Zima, uitafute, ukaze. Injini ikipanda na kushuka, au taa ya injini ikiwaka, usiende safari. Angalia plagi ya sensa na mpira ule wa mvuke wa oili kwanza, maana hapo ndipo makosa mengi hukaa.

Endesha polepole karibu na nyumbani, kisha baada ya siku 2 au 3 kaza klipu tena, kwa maana mpira mpya hulegea kwa joto. Pima joto tena kwa kile kipimajoto. Ikiwa halikushuka, rudisha la zamani bila aibu. Na kwa sababu hiyo, bomba la zamani, sanduku lake na nati zake zisitupwe. Utazihitaji siku ya kuuza gari, au ikiwa gari lingali na dhamana na wenye dhamana wakataka kuliona. Kadhalika ijulishe kampuni ya bima yako kwamba umebadilisha kitu, wasije wakapata kisingizio siku ya ajali.

Chujio la kitambaa huoshwa kwa dawa yake, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa mafuta kidogo tu. Chujio la karatasi halioshwi. Likichafuka, weka jipya. Aendeshaye penye vumbi alitazame mapema kuliko kitabu kinavyosema.

LA MWISHO

Ndugu wanachama, soketi nzuri ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si ghali kwa watu ishirini. Twaleta pendekezo kwamba tawi linunue sanduku moja la vyombo, kipimajoto kimoja, na mashine ndogo ya kusomea kompyuta ya gari, vikae ofisini na viandikwe katika daftari, kila anayechukua atie sahihi. Mtu akitaka kufunga kitu katika gari lake, asifanye peke yake gizani. Aje Jumamosi, tuwe wawili, mmoja afungue na mwingine ahesabu.

Mwenyekiti atawaomba mpige kura juu ya sanduku hilo baada ya maswali. Mwenye swali na asimame sasa, na aliye na gari hapa nje na afungue boneti, tukaliangalie pamoja bomba lake linaanzia wapi.