Mama Mchungaji Rosina Krapf
(Hotuba kwa wanakamati wa usharika, Pemba)



Mmisionari Krapf tunamjua. Mkewe Rosina hatajwi sana. Alikwisha kuzika mtoto katika safari ya Habeshi kabla hawajafika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo akajifungua binti, naye yu mgonjwa wa homa. Akafariki, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Kaburi liko Nyali.

Krapf aliandika kwamba kabla ya kufa mkewe aliwaombea jamaa zake, Afrika Mashariki na Sultani. Huyo ni Seyyid Said, Mwislamu, aliyetawala hata Pemba yetu hii. Wakristo hapa ni wachache. Naomba akina mama waanze Jumapili hii kuwaombea viongozi na majirani zetu vivyo hivyo.