Nia Njema Haitoshi
(Maneno ya komite mbele ya mukutano mukubwa wa wanamemba)



Mbele ya kupiga kura juu ya statuti mupya, tunaomba muda kidogo. Munajua kilichotuleta hapa. Wakati wa mvua, maji yalipoingia mu nyumba za ndugu zetu, sisi komite tulifungua sanduku, tukatoa makuta bila sahihi ya mutunza-sanduku na bila kuwauliza. Turubai zilinunuliwa, unga ulinunuliwa, watoto walilala pakavu. Hakuna aliyeiba. Lakini risiti zingine hazikuonekana, na mpaka leo hatuwezi kuwaonyesha kila franka ilienda wapi. Kisha tukakasirika: "Tulisaidia watu, munatulaumu nini?"

Jibu lilitoka mbali. Watoto wetu wengi tulioishi nao kambini Nyarugusu na Lugufu leo wako Marekani, na wengine wanajitayarisha kwa mutihani wa uraia. Wakipiga simu wanatusomea maswali. Moja linauliza: sheria kubwa kupita zote mu inchi ni gani? Jibu ni katiba. Tukajiuliza: karatasi inawezaje kuwa kubwa kupita mutu mwenye askari?

Tulisoma, na habari iko hivi. Wamarekani walipomwasi mufalme wa Uingereza, waliogopa kumupata mufalme mwingine. Kwa hiyo serikali yao ya kwanza waliifanya zaifu. Haikuweza hata kutoza kodi, na madeni ya vita yakaishinda. Mwaka 1787 wajumbe walikutana Philadelphia, na tarehe 17 Septemba, 39 kati yao wakatia sahihi katiba mupya. Serikali ikapata nguvu, lakini nguvu yenyewe ikagawanywa mara 3. Kongresi inatunga sheria na kushika mufuko. Rais anatekeleza. Mahakama inaamua. Makuta ya serikali hayatoki mpaka sheria ya Kongresi iyaruhusu. Rais anaweza kukataa sheria, lakini theluthi mbili ya kila baraza wakiipigia kura tena, inapita bila yeye. Na mu kesi ya Marbury na Madison ya mwaka 1803, Mahakama Kuu ilisema waamuzi hawatafuata sheria inayopingana na katiba.

Kesi iliyotuchoma roho ni ya mwaka 1952. Marekani ilikuwa mu vita vya Korea, na wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma. Rais Truman aliona: bila chuma hakuna silaha, askari watakufa. Akaamuru serikali ichukue viwanda. Nia yake haikuwa kujitajirisha. Lakini hakuna sheria ya Kongresi iliyomupa ruhusa ile. Tarehe 2 Juni Mahakama Kuu ikamwambia hapana, waamuzi 6 kwa 3. Kati ya wale 6, wawili aliwaweka yeye mwenyewe! Truman hakutuma askari mahakamani. Alirudisha viwanda. Mugomo ukaanza, ukapita siku 50. Kufuata sheria kulikuwa na bei, na bei ile ililipwa.

Hapo njo tulijiona sisi wenyewe. Mvua ilikuwa ya kweli kama vita vile vilivyokuwa vya kweli. Lakini leo komite inafungua sanduku juu ya mvua. Kesho komite ingine itafungua juu ya safari, nayo itasema ni haraka. Mulango ni ule ule.

Tusidanganyane, katiba ile haikuanza safi. Ilihesabu watumwa 5 kama watu 3 wakati wa kugawa viti vya wajumbe, na watumwa wenyewe hawakuwa na kura. Utumwa ulikatazwa mu katiba mwaka 1865 tu, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanawake wa inchi nzima walilindiwa haki ya kura mwaka 1920. Lakini waliacha njia ya kuitengeneza, njia ngumu: theluthi mbili ya Kongresi, kisha robo tatu ya majimbo. Imerekebishwa mara 27.

Basi, wapendwa, leo tunaleta mambo 4. Makuta yasitoke bila sahihi 3, moja ya mutunza-sanduku. Wakati wa hatari, komite itoe kiasi kidogo tu ambacho mukutano huu utakipanga, na ilete hesabu mbele ya siku 7. Wanamemba 3 wasio wa komite wakague vitabu. Na statuti isibadilishwe na komite peke yake, ila theluthi mbili yenu.

Kwa risiti zilizopotea tunaomba musamaha, mbele yenu na mbele ya wafadhili. Wakaguzi mutakaowachagua leo waanze na sisi, na waanze na miezi ile ya mvua. Vitabu viko hapa juu ya meza.

Mvua itarudi. Ikirudi, mutusaidie kukumbuka kura ya leo, hata kama sisi wenyewe tutakuwa tunalia haraka, haraka.